Nani Atasema Hapana? Kisa cha Kikaurna, Lugha ya Tambarare za Adelaide

Katika kisa cha Kikaurna kuna lazima mbili. Moja ni ya uongo, nayo ndiyo iliyotumika kueleza kwa nini lugha hiyo ilinyamaza. Nyingine ni ya kweli, nayo inamkabili kila anayekaa leo kuandika sarufi yake bila kuwa na mzee hata mmoja wa kumuuliza. Watu wamezichanganya hizi mbili kwa muda mrefu. Mambo yaliyoamuliwa na binadamu mezani yakaitwa majaliwa, na pale ambapo mikono imefungwa kweli, waandishi wengine wakajiona huru kusema lolote. Nataka kuzitenganisha, kwa sababu suala la hiari na lazima, ambalo wanafalsafa wamelijadili karne kwa karne na ambalo masheikh wa pwani yetu wanalijua kwa jina la kadari, hapa halielei hewani. Lina tarehe, lina herufi, na lina watu wenye majina.

Wakaurna ni wenyeji wa tambarare ambako leo umesimama mji wa Adelaide, kusini mwa Australia. Kabla Waingereza hawajaja kuanzisha koloni, ndui ilikuwa imeshateremka kwa njia ya mto Murray na kuua wengi. Koloni la Australia Kusini lilitangazwa tarehe 28 Desemba 1836. Mwezi Februari mwaka huohuo mfalme William wa Nne alikuwa ameidhinisha hati iliyosema kwamba hakuna lolote ndani yake litakalogusa haki ya wenyeji kukaa na kufaidi ardhi yao. Hati ikabaki hati. Ardhi ikapimwa, ikakatwa viwanja, ikauzwa.

Oktoba 1838 walifika wamishonari wawili Wajerumani wa Kilutheri, Christian Gottlob Teichelmann na Clamor Wilhelm Schürmann. Kwa mafunzo yao, Injili ilipaswa kumfikia mtu kwa lugha ya mama yake, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kukaa chini na kusikiliza. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa: miaka michache baadaye, 1844, Mjerumani mwingine wa namna hiyo, Johann Ludwig Krapf, alishuka Mombasa na kuanza kujaza madaftari yake. Wa Adelaide waliwasikiliza zaidi wanaume watatu ambao walowezi waliwabandika majina ya Kiingereza, lakini ambao majina yao yalikuwa Mullawirraburka, Kadlitpinna na Ityamaiitpinna. Desemba 1839 wakafungua shule mahali palipoitwa Piltawodli, kando ya mto, na masomo yakatolewa kwa Kikaurna. Mwaka 1840 kitabu chao kikachapishwa: sarufi fupi, msamiati wa maneno yapatayo 2,000, na sentensi kama 200 zenye tafsiri.

Watoto walijifunza kuandika. Karatasi zao zilipelekwa Ujerumani kwa wafadhili wa misheni, na baadhi zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za misheni huko Leipzig, mwandiko safi wa kuinamisha herufi kama ulivyofundishwa wakati ule. Naomba jambo hili lisipite haraka. Chini ya miaka kumi tangu koloni litangazwe, kulikuwa na watoto wa Kikaurna wanaosoma na kuandika lugha yao. Lugha ilikuwa na kitabu, ilikuwa na darasa, ilikuwa na wasomaji wadogo wa kizazi kijacho.

Mwaka 1845 shule ya Piltawodli ikafungwa. Gavana alikuwa George Grey. Watoto wakapelekwa kwenye shule ya Kiingereza mjini, mbali kidogo na wazazi wao, na hilo ndilo lililokusudiwa. Mwaka 1850 kikaanzishwa kituo cha Poonindie karibu na Port Lincoln, ng'ambo ya ghuba, na vijana wengi wa Adelaide wakahamishiwa huko, wakachanganywa na watu wa lugha nyingine, Kiingereza kikawa ndicho cha kuunganisha. Rob Amery, mwanaisimu aliyeifanyia kazi lugha hii kuliko mwingine yeyote, anakadiria kwamba Kikaurna kiliacha kuwa lugha ya kila siku mwanzoni mwa miaka ya 1860. Ivaritji, binti wa yuleyule Ityamaiitpinna aliyewafundisha Wajerumani, anahesabiwa kuwa wa mwisho aliyeijua tangu utotoni. Alifariki Desemba 1929.

Sasa tuitazame lazima ya uongo. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, Wazungu wa Australia walikuwa na imani kwamba Waaborijini ni watu wanaofifia. Hakuna anayewaua, walisema, hakuna anayezizima lugha zao, ni mwendo wa dunia tu: kidogo hupisha kikubwa. Msomi anachoweza kufanya ni kukusanya maneno machache kabla giza halijaingia. Imani hiyo ilikuwa na faida moja kubwa kwa walioishika. Ilifuta jina la mtenda kwenye kila sentensi. Lugha "ilitoweka." Watu "walipungua." Ukisoma namna hiyo ya kuandika kwa muda, unasahau kuuliza nani alifanya nini.

Lakini hapa tunajua nani alifanya nini. Grey hakuwa mtu asiyejali lugha. Akiwa magharibi mwa Australia alikusanya yeye mwenyewe msamiati wa wenyeji, na mwaka 1840 aliipelekea serikali ya Uingereza ripoti ya jinsi ya kuwaingiza Waaborijini katika maisha ya Kiingereza. Alipoifunga Piltawodli alikuwa anatekeleza alichokiandika. Wamishonari walikuwa na mpango wao, gavana alikuwa na wake, na mwenye dola akashinda. Shule iliyofunguliwa na watu wawili na kufungwa kwa amri ya mmoja haiwezi kuingizwa katika hesabu ya mambo yasiyozuilika.

Mwanafalsafa anayenisaidia hapa ni Baruch Spinoza, Myahudi wa Amsterdam. Katika kazi yake kuu, iliyochapishwa 1677 mara tu baada ya kifo chake, aliweka tofauti ambayo wengi huiruka. Kwake, kinyume cha uhuru ni shuruti. Lazima yenyewe haipingani na uhuru. Kitu ni huru kinapotenda kwa lazima ya asili yake chenyewe. Kimeshurutishwa kinapoamuliwa na kingine kiwepo na kitende vipi. Ukichukua kipimo hiki ukakiweka juu ya lugha, mambo yanajipanga. Kilatini cha Roma kiligeuka Kiitaliano, na hakuna aliyekiua. Kila kizazi kilisema karibu kama wazazi wake, na sauti zikasogea kwa sababu zilizomo ndani ya lugha na ndani ya maisha ya wasemaji. Kulikuwa na lazima ndani yake, na hakuna wa kulaumiwa. Kikaurna cha 1845 hakikusogea hata kidogo. Kilikatwa. Mtoto aliyeandika kwa lugha yake mwaka 1843 hakupata nafasi ya kumfundisha mtoto wake kuandika hivyo.

Kuna wanaojibu kwamba mwishowe wenyewe walichagua Kiingereza, maana hakuna askari aliyesimama mlangoni mwa kila kibanda kusikiliza mama anamsemesha mwanawe kwa lugha gani. Spinoza alikuwa na jibu kwa mtu huyo tangu 1674, katika barua. Fikiria jiwe limerushwa, aliandika, na likiwa angani lipate akili ya kujua kwamba linasafiri. Kwa kuwa linajua mwendo wake na halijui mkono uliolirusha, litaamini kwamba linasafiri kwa sababu limependa. Mama wa Poonindie aliyemsemesha mwanawe Kiingereza alifanya uamuzi, sikatai, na alikuwa na akili zake timamu. Alijua lugha gani itampatia mwanawe mgao wa unga na kazi ya kukata manyoya ya kondoo. Lakini ukimtaja yeye peke yake kama sababu, umesimulia safari ya jiwe bila kuutaja mkono.

Si kila kisa kinafanana na hiki, na kwetu kipo kimoja kinachonisumbua. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, nchini Kenya, waliiacha lugha yao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakashika Kimaa. Walikuwa wawindaji na warina asali, na mahari yao yalilipwa kwa mizinga ya nyuki. Walipoanza kuoana na wafugaji, mahari yakawa ng'ombe na mbuzi, na pamoja na mifugo ikaja lugha ya wenye mifugo. Hapakuwa na gavana aliyefunga shule ya Kiyaaku. Hata hivyo mipaka ya kikoloni ndiyo iliyowabana Wayaaku na wafugaji mahali pamoja. Kwa hiyo nikiulizwa kama Wayaaku walikuwa huru, nasema walikuwa huru kuliko Wakaurna, na chini ya wanavyodhani wanaowatolea mfano wa watu walioacha lugha yao kwa ridhaa. Uhuru una ngazi, na mwandishi wa historia ya lugha anawajibika kusema ngazi ipi.

Lazima ya pili ni ya aina nyingine kabisa.

Mwanaisimu anayeeleza lugha hai hufanya kazi kwa kukosea. Anasikiliza, anabuni kanuni, anaunda sentensi kwa kanuni hiyo, kisha anampelekea mzee. Mzee anacheka au anakunja uso: hatusemi hivyo. Hiyo "hapana" ndiyo nguzo ya sayansi yote ya sarufi. Bila hiyo, kanuni yoyote inayolingana na mifano iliyopo ni nzuri sawa na nyingine. Sasa mweke mwanaisimu huyohuyo mbele ya kitabu cha 1840. Anauliza, kitabu kinanyamaza. Anabuni, kitabu hakipingi. Kwa tafsiri ya Thomas Hobbes, aliyebishana na Askofu Bramhall kuhusu hiari na lazima huko Paris mwaka 1645, mtu huyo yuko huru kabisa, kwa sababu uhuru kwa Hobbes ni kukosekana kwa kizuizi cha nje. Hakuna kinachomzuia. Na hapohapo tafsiri hiyo inaonyesha upungufu wake, maana uhuru wa namna hiyo haumpi mwanaisimu ujuzi wowote. Anayeweza kusema lolote kuhusu Kikaurna bila kukatazwa hajasema chochote kuhusu Kikaurna.

Kwa hiyo kazi nzima ya kueleza lugha isiyo na wasemaji ni kutafuta mahali pengine pa kupata hiyo "hapana." Amery na wenzake waliipata mahali kadhaa.

Mahali pa kwanza ni sauti. Masikio ya Wajerumani yalikuwa mazuri kwa mambo fulani. Kikaurna kina tabia ya kutanguliza d fupi kabla ya n au l katikati ya neno, ndiyo maana unaona dn katika jina Kudnarto na dl katika Piltawodli. Wale wawili waliisikia na wakaiandika. Lakini palipokuwa na t inayotamkwa ulimi ukigusa meno na t nyingine ya ulimi kwenye ufizi, wao waliandika t moja kwa zote mbili, na aina za r nazo wakazichanganya. Ukiwa na kitabu peke yake huwezi kujua neno hili lilikuwa na t ipi. Hapo ndipo lugha ndugu zinapoingia: Kinukunu, Kibarngarla, Kinarungga, na Kiadnyamathanha cha milima ya Flinders, ambacho bado kilikuwa na wasemaji. Neno likiwa na asili moja katika lugha hizi, na ndugu wote wakatamka meno, basi Kikaurna nacho kinadaiwa kutamka meno mpaka uje ushahidi wa kupinga. Hiyo ni "hapana" halisi. Inamkatalia mwanaisimu alichokipenda. Mwaka 2010 ilisababisha mageuzi ya tahajia, na kikundi chenyewe kinachosimamia lugha kikabadili jina lake kutoka Kaurna Warra Pintyandi kuwa Kaurna Warra Pintyanthi. Walikuwa wameshalizoea jina, limo kwenye barua zao na vitabu vyao, na bado wakakubali kusahihishwa na lugha za majirani.

Mahali pa pili ni ndani ya maandishi yenyewe. Kikaurna kilikuwa na umoja, uwili na wingi. Ukimsalimu mtu mmoja ni niina marni, wawili niwa marni, watatu na kuendelea naa marni. Kanuni kama hiyo haikuachii nafasi ya kupotosha. Ukisema naa kwa watu wawili umekosea, hata kama hayupo duniani mtu wa kukuambia umekosea, kwa sababu mfumo mzima wa viwakilishi unakukatalia. Naiona hapa lazima ya Spinoza, ile inayotoka ndani ya kitu chenyewe. Wasemaji walikwisha kuondoka lakini mfumo umebaki na ukali wake.

Mahali pa tatu patawashangaza wengi, nako ni Afrika Kusini. Teichelmann hakuacha kuikusanya lugha baada ya shule kufungwa. Mwaka 1857 alikamilisha maandishi mengine ya kamusi, yenye maneno na mifano ambayo haikuwemo katika kitabu cha 1840, na akampelekea George Grey. Ndiyo, Grey yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa Koloni la Rasi na alikuwa anajenga maktaba ya lugha za dunia. Maandishi yakaorodheshwa na mtunza maktaba wake, Wilhelm Bleek, yakakaa Cape Town. Mtu aliyefunga darasa ndiye aliyehifadhi daftari. Sioni kwamba jambo hili linamsafisha. Linaonyesha kwamba alikuwa na uwezo wa kuithamini lugha kama kitu cha kuhifadhiwa kwenye rafu, na bado akaona haifai kuachwa midomoni mwa watoto.

Kwa bahati njema Spinoza mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya aina hii. Kati ya karatasi alizoziacha kulikuwa na sarufi ya Kiebrania, haijakamilika. Wakati wake Kiebrania kilikuwa lugha ya ibada na vitabu, hakikuwa lugha ya mtoto yeyote nyumbani. Alilalamika humo kwamba wengi wameandika sarufi ya Maandiko lakini hakuna aliyeandika sarufi ya lugha ya Kiebrania. Maneno hayo yanagusa kiini cha suala letu. Maandiko ni yale yaliyoandikwa kwa bahati, yamekwisha, hayaongezeki. Lugha ni uwezo uliokuwa nyuma ya maandiko, uwezo wa kusema pia yale ambayo hakuna aliyeyaandika. Spinoza alikuwa tayari kuonyesha maumbo ambayo hayaonekani popote katika Biblia, kwa hoja kwamba kanuni inayazaa. Wapinzani wake wangeweza kumwambia anabuni. Yeye angejibu kwamba anafuata lazima ya lugha mpaka inapomfikisha, na kwamba kuishia kwenye maneno yaliyosalia tu ndiyo kubuni lugha nyingine, maskini kuliko ile ya kweli. Waliokirudisha Kiebrania vinywani baadaye walifanya kwa sauti kubwa alichokifanya yeye kwenye karatasi.

Wakaurna walianza kufanya hivyo kwa nyimbo. Mwaka 1990 kulifanyika warsha ya kutunga nyimbo kwa Kinarungga, Kikaurna na Kingarrindjeri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kikaurna kikaingia darasani katika shule ya Kaurna Plains, kitongoji cha Elizabeth, chini ya Alitya Rigney, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiaborijini kuwa mkuu wa shule nchini Australia. Mwaka 2002 yeye na mzee Lewis O'Brien, pamoja na Amery, wakaanzisha kile kikundi nilichokitaja, kwanza kujibu maombi ya majina na tafsiri yaliyokuwa yanamiminika, halafu kwa kazi pana zaidi.

Walimu walihitaji hesabu. Kitabu cha Wajerumani kina kuma kwa moja, purlaityi kwa mbili, marnkutyi kwa tatu, yarapurla kwa nne. Baada ya hapo hakuna. Jamii nyingi za Australia hazikuwa na haja ya mfululizo mrefu wa namba, na hilo halikuwa pungufu kwao. Lakini mtoto wa Adelaide wa leo anataka kutaja umri wake na namba ya basi. Mbele yao kulikuwa na njia tatu. Kuacha pengo. Kukopa Kiingereza. Au kutafuta ndani.

Walitafuta ndani, na walichokipata kilikuwa mahali ambapo msomaji wa Kiswahili angetazama mara moja. Wakaurna waliwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, kama sisi tunavyowaita mabinti zetu Mosi, Pili na Tatu. Binti wa kwanza ni Kartanya, wa pili Warriarto, wa tatu Kudnarto. Kwa wavulana majina yalikwenda mpaka tisa: wa tano Midlaitya, wa sita Marrutya, wa saba Wangutya, wa nane Ngarlaitya, wa tisa Pauarna. Wakachukua mashina ya majina hayo wakapata mila kwa tano, marru sita, wangu saba, ngarla nane, pauwa tisa.

Angalia kwa makini kilichofanyika. Hakuna ushahidi uliowalazimisha. Ukilinganisha jina la wa kwanza na kuma, au la wa tatu na marnkutyi, hayafanani, kwa hiyo huwezi kudai kwamba mababu walihesabu "marru" wakimaanisha sita. Hawakudai hivyo. Walifanya uamuzi, wakijua ni uamuzi, kwa kutumia kitu cha kwao ambacho tayari kilibeba maana ya zamu. Wangeweza kukopa, na kukopa si aibu. Sisi sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu, na tandatu na kenda zikarudi nyuma. Lakini sisi tulikopa tukiwa tunasema, katika biashara, kwa zamu yetu wenyewe. Kwao, kukopa kutoka Kiingereza kungekuwa kuongeza pigo la lugha ileile iliyowekwa mahali pa lugha yao mwaka 1845. Kwa hiyo walikuwa huru, na uhuru wao ulikuwa na umbo: ulipakana na yaliyoandikwa, ukapakana na historia, ukapakana na muundo wa maneno ya Kikaurna. Kompyuta nayo ikaitwa mukarntu, ubongo ukiungana na umeme wa radi. Unaweza kulipenda neno hilo au usilipende, lakini linatii sauti za lugha, na msemaji wa 1840 angeweza kulitamka bila kujikwaa.

Jina Kudnarto linanileta kwenye "hapana" ya mwisho, ile ya watu. Mwanamke mmoja wa jina hilo aliolewa mwaka 1848 na mlowezi Thomas Adams, katika ndoa ya kwanza ya kisheria ya aina hiyo kwenye koloni. Lewis O'Brien ni wa uzao wake. Watu wa uzao huo na nyingine kama huo ndio wanaokaa kwenye kamati ya kile kikundi cha lugha leo, na neno jipya haliingii kwa sababu mwanaisimu amelipenda. Mto wa Adelaide, ambao walowezi waliuita Torrens, ulirudishiwa jina lake Karrawirra Parri mwaka 2001, mto wa msitu wa mikaratusi, na likaandikwa pamoja na la Kiingereza. Anayetaka kuita jengo, bustani au mtoto kwa Kikaurna hupeleka ombi. Wakati mwingine anakataliwa. Kuna watu wanaokerwa na utaratibu huu na kuuliza inawezekanaje watu wamiliki maneno. Mimi nauona ni wa haki na zaidi ya hapo ni wa lazima kitaaluma. Lugha iliyopoteza wote waliokuwa na uwezo wa kusema "hatusemi hivyo" haiwezi kusimama mpaka ipate upya watu wenye mamlaka ya kusema hivyo, na hakuna wanaostahili mamlaka hayo kuliko wajukuu wa walionyang'anywa. Machi 2018 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki za Wakaurna juu ya sehemu za ardhi yao, baada ya shauri lililofunguliwa mwaka 2000. Jambo la lugha limekwenda haraka kuliko hilo.

Pingamizi zito limebaki moja. Wasomi wengine wanasema kinachosemwa leo Adelaide ni kitu kipya: sauti zake zina Kiingereza, mpangilio wa maneno unaegemea Kiingereza, na maana nyingi za zamani zimepotea. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Waliojifunza Kikaurna ukubwani wakiwa na Kiingereza kama lugha ya mama hawawezi kuukwepa ulimi wao. Pia tunajua kwa majina wanaume waliozungumza na wamishonari, na mazungumzo ya wanawake wakiwa peke yao hayamo katika kitabu chochote. Wala Amery hajawahi kulificha. Njia aliyoipendekeza ilikuwa kuanza na vifungu vizima, salamu, amri, maagano, ambavyo vinaweza kuhakikishwa, na kupanuka polepole kutoka hapo, badala ya kutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Lakini anayetoka hapo akahitimisha kwamba basi kazi haina maana amerudi kwenye lazima ile ya uongo kwa mlango wa nyuma. Anasema: kwa kuwa haiwezi kuwa kama 1840, haiwezi kuwa. Kiswahili cha leo nacho si cha 1840, wala Kiingereza. Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250 Wazungu walipofika. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2020 ulikuta 123 zinazotumika kwa kiwango chochote, na 12 tu ambazo watoto bado wanazipokea kama lugha ya kwanza. Kwa lugha nyingi zilizobaki, swali si kurudi zilikokuwa. Ni kama kutakuwa na watu wa kuzisema.

Na Adelaide wapo. Jack Buckskin, mwalimu wa Kikaurna anayejulikana kote nchini, amemsemesha binti yake Kikaurna tangu uchanga, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya karne. Hapo linazaliwa swali ambalo kitabu cha 1840 hakikujiandaa nalo. Mtoto anayekulia ndani ya lugha hasubiri kamati. Atasawazisha kitenzi kigumu, atafupisha neno refu, atachanganya uwili na wingi pale ambapo vitabu vinatenganisha. Siku atakaposema jambo ambalo Teichelmann na Schürmann wameliandika vingine, kamati italazimika kuamua nani amekosea. Miaka yote hii wamekuwa waaminifu kwa karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyokuwa na haki ya kuwakatalia. Watoto wakishakuwa wengi, wakawa wanaelewana wao kwa wao, maoni yangu ni kwamba haki hiyo inahama, na kitabu ndicho kitakachopaswa kuongezewa ukurasa.